Aliyekaa Itikafu Kando Yangu

Haya nitakayokusimulia niliyaona mwenyewe, nikiwa macho na akili zangu zote. Najua utakavyosema. Utasema nilikuwa nimefunga, na mwenye njaa huona mambo. Sawa, nimekusikia. Lakini njaa haijawahi kumwonyesha mtu mahali maiti ilipolala, wala haijui siri ya mke na mume. Nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe. Ukikataa kuniamini sitakukasirikia. Nimeshakataliwa na watu wengi, na wengine walikuwa ndugu zangu.

Mimi ni mtu wa Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini. Niliufuata mto huo kwenda juu hadi Garissa kufundisha, muda mfupi kabla ya uhuru, na vita vya shifta vikanikuta huko huko. Kama hukuwahi kusimuliwa habari za vita hivyo, ngoja nikueleze kidogo, maana bila hivyo kisa hiki hakitakuingia. Palikuwa na watu wa kaskazini mashariki waliotaka eneo lao liungane na Somalia, wakaingia msituni na bunduki. Serikali ikakataa, ikaleta jeshi. Katikati wakabaki wafugaji. Huku wanaulizwa kwa nini wanawapa shifta maziwa, huku wanaulizwa kwa nini wamesalimiana na askari. Vita vilipokaribia mwisho, watu walitolewa malishoni wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Ngamia wengi walikufa, wengine kwa kiu na wengine kwa risasi. Mjini kulikuwa na kafyu: jua likizama, kila mtu kwake.

Na kuna jambo jingine ambalo mgeni hawezi kulijua. Wasomali wakikutana, hata nyikani, hata kama hawajaonana maisha yao yote, kwanza hupeana habari. Umetoka wapi? Mvua imenyesha wapi? Wewe ni mtoto wa nani? Mtu wa pwani akisikia anaweza kudhani ni udaku, lakini ni adabu, na ndilo gazeti lao. Basi vita viliua adabu hiyo. Ukimuuliza mtu ni mtoto wa nani, anafikiri umetumwa na ofisi ya serikali. Na yeye akikuuliza, unajiuliza atampelekea nani jibu lako. Watu wakajifunza kukaa bega kwa bega kimya, kila mmoja na habari zake moyoni. Mimi mgeni niliwaiga. Ungefanyaje wewe?

Ramadhani ninayoisimulia iliangukia kiangazi, wakati mvua fupi zimekwisha na upepo umeanza kubeba mchanga. Shule yangu ilikuwa imebaki na madawati mengi kuliko watoto. Mwezi ulipofika kumi la mwisho, zile siku zake kumi za kumalizia, Sheikh Nuur, imamu wetu, akaniambia niingie itikafuni pamoja nao. Kwa wasiojua, itikafu ni mtu kukaa msikitini kwa nia ya ibada, akaiacha dunia nje ya mlango. Analala humo, anafuturia humo, anasali na kusoma humo. Hatoki ila kwa haja ya mwili. Hata mgonjwa haendi kumtazama, hata jeneza halisindikizi. Na kama ameiwekea nadhiri, yaani amemwahidi Mungu kwa ulimi wake, basi itikafu hiyo ni deni, na deni la Mungu halisameheki kwa uchovu.

Mwaka ule itikafu ilikuwa pia njia pekee ya kusali tarawehe kwa jamaa, kwa sababu ya kafyu. Sheikh alikuwa ameiomba ofisi ruhusa, akakubaliwa kwa sharti kwamba lango likifungwa magharibi halitafunguliwa mpaka alfajiri. Kwa hiyo tuliingia watu wachache tu, tukatosha safu moja. Msikiti wenyewe ulikuwa wa udongo uliopakwa chokaa, na mabati juu, na uwanja mdogo mbele uliozungushiwa ukuta. Ndani mikeka, kandili mbili, na harufu ya ubani iliyokwisha kuzoea kuta.

Jirani yangu wa mkeka alikuwa Mzee Gedi, mchinjaji, mtu wa mzaha hata akiwa na kiu. Machinjioni hapakuwa na ngamia tena, akasema amekuja kuchinja usingizi. Alinitania kwamba saumu ya watu wa pwani ni hafifu kwa kuwa tumelelewa na samaki, na samaki hajui kiu ni nini. Nilimpenda sana. Kati ya mkeka wake na wangu, kwenye ukuta wa nyuma, paliachwa nafasi ya mtu mmoja.

Jioni ile ya kwanza nilipoinua uso baada ya magharibi, nafasi ile ilikuwa na mtu.

Alikuwa kijana mwembamba, mrefu, mwenye nywele za mchungaji na shuka iliyofifia rangi. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuweka ubavuni, chini ya mbavu, kama mtu mwenye kichomi. Alikuwa akisoma kwa sauti ya chini mno. Nikamsalimu kwa kichwa, naye akanijibu kwa macho. Nikajiambia: huyu ama anawakimbia askari, ama ametumwa na askari. Kwa vyovyote vile, mwalimu, funga mdomo. Niliwatazama wenzangu. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyemtaja, nami nikaona wote wameamua kama mimi. Niamini, siku zile hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Wakati wa kusali isha tukapanga safu. Mimi nilikuwa mwisho kabisa, mgeni yule kulia kwangu, na Mzee Gedi baada yake. Unajua desturi yetu: safu isiwe na mwanya, bega liguse bega, maana tumefundishwa kwamba shetani huingia penye pengo. Sheikh Nuur akageuka kutunyoosha, akaniangalia mimi.

"Mwalimu, sogea. Ziba hapo."

Nikasogea hata nikawa nambana mgeni. Bega lake lilikuwa kwenye bega langu, gumu, la baridi. Sheikh akangoja kidogo, akasema tena nizibe. Nikasogeza mguu ili ajue nimetii. Akatikisa kichwa, akageuka, akapiga takbira. Nikamhurumia mzee wa watu, nikidhani macho yake yameanza kumsaliti katika mwanga ule wa kandili.

Siku iliyofuata mambo yakawa vile vile. Safari hii Mzee Gedi alinong'ona, "Unamwekea nafasi nani, mwalimu?" akasogea yeye kuja upande wangu. Hakufika. Alisimama ghafla, akajikunyata, akarudi alipokuwa. Tulipotoa salamu aliniambia pale kati pana baridi kama mdomo wa kisima, na kuanzia hapo akahamia upande wa pili wa safu. Wewe unayesikiliza umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilifikiri Gedi amemtambua mgeni, akaamua kukaa mbali naye kabla maswali hayajaja. Mzee mwerevu, nikasema.

Wakati wa kufuturu nilikuwa nikimwekea tende mbele yake, kwa sababu huwezi kula kando ya mtu asiye na kitu. Aliinamisha kichwa kushukuru. Asubuhi nilikuta tende ile ile pale pale. Mikate yetu ya anjero ikidondosha punje moja, sisimizi walikuwa wamefika kabla hatujasema bismillahi, lakini tende ile hawakuigusa. Nililiona hilo na nikalipita. Moyo ukiwa hautaki kujua jambo, hupata sababu nyingi za kulipita.

Sasa nikuletee Dahabo.

Vyakula vyetu vililetwa na kina mama wa mtaani baada ya alasiri, kabla ya kafyu. Sambusa, uji, nyirinyiri kidogo, ile nyama iliyokaangwa ikakauka, kwa mwenye nacho. Dahabo alileta maziwa ya mbuzi katika kibuyu, na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa akiishi katika kijiji cha seng'enge pembezoni mwa mji, na mbuzi wake wawili ndio waliokuwa mali yake yote. Akifika mlangoni alikuwa akiuliza swali moja, kila siku, kwa maneno yale yale.

"Mwalimu, hujasikia habari ya baba ya mtoto?"

Mumewe alibaki malishoni upande wa Hulugho siku familia zilipokusanywa, akijaribu kuokoa ngamia waliobaki. Kisha habari zake zikakatika. Mtu aliyekufa ana kaburi, aliyefungwa ana jela, lakini huyu hakuwa na mahali. Na wanawake wenzake kijijini, kwa uchungu wao wenyewe nadhani, walikuwa wamempa mahali. Walisema yuko Kismayu, amevaa kanzu mpya, ana mke mpya mwenye meno meupe. Walimtania kisimani, walimtania kwenye foleni ya unga. Fikiri hali hiyo. Akilia, analia kwa ajili ya nani? Akikasirika, na kama mwenzake ni maiti? Si mke, si mjane. Hawezi kukaa eda, hawezi kuolewa, hawezi hata kuchagua huzuni yake.

Nilikuwa nikimjibu kwamba sijasikia, lakini asikate tamaa. Naye alikuwa akiniambia, "Amin," kisha anaondoka haraka kuwahi kafyu.

Kila alipokuja, mgeni wangu alinyamaza. Kisomo chake ambacho hakikukatika mchana wala usiku kilikatika. Aligeuka akakabili ukuta, paji la uso likiugusa, na mkono ule ukikandamiza ubavu. Nikaona ni haya. Wako wanaume wasiopenda kusikia sauti ya mwanamke wakiwa katika ibada, nikamhesabu miongoni mwao.

Siku zikaenda hivyo hadi jioni ya kutazamia mwezi. Alasiri ile Dahabo hakuja, lakini mgeni wangu aliukabili ukuta vile vile. Jua lilipozama tukafungua saumu, tukasali, na papo hapo wote wakatoka uwanjani kutafuta mwezi wa Idd. Uwanja ni sehemu ya msikiti, kwa hiyo kutoka huko hakuvunji itikafu. Niliwasikia wakibishana. Gedi alikuwa akisema ameuona, na Sheikh akimwambia hilo ni wingu, na kwamba mchinjaji asipokuwa na nyama huona mapembe hata mbinguni. Walicheka. Ulikuwa mwanga ule hafifu wa baada ya magharibi, si mchana si usiku. Mimi nilichelewa nikikunja mkeka wangu.

"Mwalimu."

Sikuwahi kumsikia akizungumza. Sauti ilikuwa karibu sana, kavu, kama ya mtu aliyetembea mbali bila maji. Nikageuka. Alikuwa ameketi pale pale, ananitazama, na kwa mara ya kwanza ameuondoa mkono wake ubavuni. Shuka pale palikuwa peusi na pakavu, pamegandamana na ngozi. Nikajivuta nyuma.

"Usiogobe," akasema, kwa ile p yao inayotoka kama b. "Kiswahili yangu ni kidogo. Nisikie mbaka mwisho. Mwezi ikionekana mimi nimemaliza."

Nikamwambia sote tumemaliza, kesho ni Idd, tutatoka pamoja. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka awe mtu wa kutoka.

"Nyinyi mtatoka kwa mlango," akasema. Kisha: "Mimi ni bwana ya Dahabo."

Nikuambie kitu. Miaka yote niliyokaa huko, nimesikia wanaume wakijitaja kwa baba, kwa babu, kwa babu wa babu, majina yakishikana kama shanga mpaka unasahau ya kwanza. Sikuwahi kumsikia mwanamume akijitaja kwa jina la mkewe. Huyu hakunipa jina jingine lolote.

Akanieleza kwa maneno machache, nami nakupa kama nilivyoyapata. Wakati mtoto anazaliwa, Dahabo alifika mlangoni mwa kifo. Walikuwa wao wawili tu nyikani, mkunga hayupo. Mumewe akashika mti wa kibanda akatamka kwamba Mungu akimwachia mke na mtoto, yeye atakaa itikafu kumi la mwisho katika msikiti wa Garissa. Hakuna aliyeisikia nadhiri ile ila Dahabo. Wote wawili wakapona. Kisha vita vikawatenganisha, na Ramadhani ikaingia, naye akaanza safari ya miguu kuja kutimiza, akijificha mchana. Mwezi haujafika nusu, akapigwa risasi kwenye laga, ule mkondo wa mchanga usio na maji, karibu na mti wa mgunga uliolalia upande mmoja. Akanielekeza ni laga ipi.

Nikamuuliza aliyempiga ni nani. Ni askari, au ni shifta?

"Risasi haisemi ni mtoto wa nani," akajibu.

Nje wote walikuwa wakikodoa macho angani. Yeye akainama mbele kidogo, na maneno aliyosema hapo ndiyo pekee yaliyomtetemesha.

"Mwambie sikuenda Kismayu. Nilikuwa nakuja."

Takbira ikapigwa uwanjani. Mwezi umeonekana. Niligeuza kichwa kuelekea mlangoni, kama yeyote angefanya, na nilipokirudisha hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkeka, na tende niliyomwekea jioni ile, nzima. Niliupapasa ukuta kwa mikono yote miwili kama kipofu. Ulikuwa ukuta tu.

Gedi ndiye aliyenikuta nimeketi chini, akadhani nimezimia kwa njaa, akaniletea maji. Nilimweleza Sheikh Nuur yote, mbele ya Gedi. Sheikh hakunicheka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba pale kando yangu hapakuwa na mtu tangu tulipoingia. Kila usiku aliona pengo, na alishangaa mwalimu mtiifu kama mimi kwa nini anakataa kuliziba. Gedi akasema yeye pia hakuona mtu. Alihisi baridi tu, na akaogopa, na akaona aibu kusema ameogopa.

"Roho za wafu ziko barzakhi zikingoja Kiyama, hazizururi misikitini," Sheikh akaniambia. "Sijui uliyemwona ni nani. Lakini sheria inataka mashahidi walio hai. Kwanza tumuulize Dahabo jambo moja. Kisha twende tukatazame."

Asubuhi ya Idd Dahabo alikuja na kibuyu chake, mtoto amepakwa wanja. Sheikh akamwita pembeni uwanjani, nami nikiwepo. Nilikuwa nimemwomba asimtajie lolote kuhusu mimi. Akamuuliza tu kama mumewe alikuwa na nadhiri yoyote juu yake.

Dahabo aliweka kibuyu chini polepole sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Aliyekwambia yuko wapi?" akauliza.

Mimi nilitazama chini. Dahabo alitutazama mmoja baada ya mwingine, na tukiwa bado hatujafungua midomo akaketi mchangani, akamgeuza mtoto kutoka mgongoni na kumweka kifuani, akafunika nyuso zao zote mbili kwa mtandio.

Ruhusa ya kutoka mjini ilichukua siku kadhaa, maana hakuna aliyeruhusiwa kuzurura huko. Tulikwenda mimi, Mzee Gedi, na mjomba wa Dahabo aliyejua njia za laga. Sikuongoza kwa ujuzi wowote. Nilirudia tu nilivyoelekezwa, neno kwa neno, na mjomba akageuza maneno kuwa njia. Mgunga ule ulikuwepo, umelalia upande mmoja, na matawi yake yakigusa mchanga. Tukainama tukaingia chini yake.

Nisikufiche: nilikuwa nikiomba tusimkute. Bora nionekane mwendawazimu, nikajisemea, kuliko mwanamke yule awe mjane.

Tulimkuta. Jua kali lilikuwa limemkausha na kumhifadhi, na miiba ilikuwa imewazuia fisi. Lakini si hilo lililotukalisha chini. Wachungaji wakiwa nyikani na wakati wa sala ukawafikia, hupanga mawe mstari mmoja ardhini, na mbele, upande wa kibla, huyazungusha kidogo yawe kama mihrabu. Huo ndio msikiti wao. Huyu mtu, akiwa na risasi ubavuni, alikuwa ameyakusanya mawe madogo ya laga, yale ambayo mkono uliweza kuyafikia, akayapanga kumzunguka. Upande mmoja haukukamilika. Alikuwa amelala ndani yake, uso kibla.

Mzee Gedi ndiye aliyeinuka kwanza, akafungua kiriba cha maji. Tulimwosha kwa maji tuliyobeba ya kunywa, kadiri yalivyotosha, tukamsalia, tukamzika hapo hapo. Mawe yale hatukuyatumia kwa kaburi. Mjomba alisema tusiuvunje msikiti wa mtu.

Tuliporudi, Sheikh Nuur aliposikia habari ya mawe alilia kama mtoto. Alisema itikafu haiswihi ila msikitini, hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, na yeye hana ruhusa ya kubadilisha. Lakini, akasema, mwenye msikiti anajua zaidi ya mwenye kitabu.

Basi Dahabo akawa mjane. Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari, kwa hiyo sehemu yake ilikuwa imeshapita bila yeye kujua. Wanawake wale wa kisimani walikuja, wakakaa naye, wakamtekea maji, na mmoja wao aliyekuwa akimtania zaidi ndiye aliyekuwa akimwogeshea mtoto. Sikuwachukia. Kila mmoja alikuwa na mtu wake asiyejulikana aliko, na mzaha ulikuwa ndiyo namna yao ya kutolia.

Eda ilipokwisha, Dahabo alikuja shuleni kwangu na mjomba wake. Alitaka nimsimulie mwenyewe, tangu mwanzo. Nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe. Nilipofika pale nilipoeleza kwamba kila alipokuja mlangoni mumewe aliacha kusoma akageukia ukuta, aliniinulia mkono ninyamaze.

"Ukuta gani?"

Nikamwambia wa nyuma.

Kisha akasema kwamba alasiri ya mwisho, ile tuliyodhani hakuja, alikuja. Njiani walikuwa wamemwambia tena habari za Kismayu, na habari hizo zikawa na jina la mke, na mtaa anaoishi. Hakuweza kuingia na uso ule. Alizunguka nyuma ya msikiti, akaegemea ukuta, akalia, na kwa mdomo wake akamlaani mumewe. Alimwomba Mungu asimrudishe, na kama yuko safarini asifike.

"Alinisikia, mwalimu?"

Ungemjibu nini? Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kujibu. Ukuta ule ulikuwa wa udongo, na paji la uso la mtu yule lilikuwa juu yake. Sikutaka kumdanganya, na sikutaka kumuua. Nikamwambia kwamba sijui alisikia nini, lakini najua alichosema baada ya hapo, jioni ile ile. Alisema yeye ni bwana ya Dahabo. Hakutaja ukoo. Alitaja jina lako.

Akaitikia kwa kichwa. Alinishukuru, akambeba mtoto, akaondoka. Lakini nilimwona tena mara nyingi katika miaka iliyofuata, mjini, sokoni, akiwa ameolewa, akiwa na watoto wengine, na nakuambia laana ile haikumtoka moyoni. Akisimama karibu na ukuta wowote alizungumza kwa sauti ya chini. Watoto wake walidhani ndivyo mama yao alivyoumbwa. Hata walipokuwa wakigombana yeye hakuwafokea. Alikuwa akiwavuta uwanjani kwanza, penye wazi, kisha ndipo anawaonya.

Mimi nilikaa itikafu kwa niaba ya yule marehemu Ramadhani iliyofuata, vita vikiwa vimekwisha. Wanazuoni wamehitilafiana kama inafaa, na Sheikh alinieleza hitilafu zote kwa subira, kisha akaniambia niende nikakae. Nilikaa peke yangu pembeni. Nilimngojea, sikufichi. Hakuja, wala hajawahi kuja tena, na nadhani hiyo ni heri yake. Huzuni niliyoipata siku ile ya mwisho, mkeka kando yangu ukiwa mtupu kweli kweli, ndiyo niliyonayo mpaka leo. Ikifika jioni ya kutazamia mwezi, wajukuu zangu huruka nje kwa furaha, nami hubaki ndani kidogo.

Sasa nawe, uliyenisikiliza hadi hapa, nakupa onyo moja tu, na ulichukue kwa upendo. Mtu wako akipotea, mlilie, mtafute, mwombee, hata mkasirikie kama moyo umeshindwa. Lakini usimlaani. Watu watakuambia amekusahau, watakupa hata jina la mtaa anaoishi. Wao hawajui. Wewe pia hujui. Huenda yuko njiani anakuja, na huenda kilichobaki kati yake na ulimi wako ni ukuta wa udongo tu.